Machungwa ya Mstaafu

Tarehe 4 Julai

Mwanangu mpendwa,

Tumefika salama, ila Mzee wangu bado anatembea humu ndani ameinamisha kichwa. Anadhani kila mlango ni wa lile gari. Juzi nimemkuta anahangaika kukiinua kitanda chetu akiegemeze ukutani, nikamwambia, "Bwana we, hiki hakikunjwi, safari imekwisha!" Mengine ni ya kawaida. Miguu imenivimba kidogo, na cherehani nimezikuta na vumbi, wazazi wamejaa mlangoni wanadai sare za watoto wao.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako haishiki mpaka upande juu ya tangi la maji, na mimi sitaki uvunjike shingo kwa ajili ya "haloo, haloo."

Nashukuru, mwanangu. Tangu kaka yangu, baba yako, alipotutoka nikakuchukua hujui hata kufunga kamba za viatu, sijawahi kujivuna kama siku zile. Kukuona ndani ya sare ya askari wa hifadhi, buti zinang'aa, watu wanakupigia saluti! Na ile nyumba-gari tuliyokodi, maajabu: jiko, kitanda na choo, vyote vinatembea. Nilikuwa nachemsha chai huku twiga wanatuchungulia dirishani kama majirani wambea.

Lakini aliyenimaliza ni yule tembo mzee wa kambini. Mwendo wa pole, ngozi imemlegea nyuma kama suruali ya mtu aliyeacha kazi. Nilimwita Mstaafu palepale, na Mzee wangu akaninunia mchana kutwa, maana na yeye tangu atoke posta suruali zake ziko vivyo hivyo. Alivyonyoosha mkonga dirishani akachukua chungwa kiganjani mwangu! Adabu ile wengi ninaowashonea sare hawana. Nilikuuliza mbele ya wale wageni wa hema la jirani, "Hivi inaruhusiwa?" Ukatazama huku, ukatazama kule, ukasema, "Kidogo tu haina neno, Shangazi." Basi kila jioni akawa mgeni wetu.

Picha uliyotupiga nimeitundika dukani, juu ya meza ya kukatia vitambaa. Hakuna anayepimwa mabega bila kuhadithiwa habari za Mstaafu. Mpe salamu zangu.

Ni mimi shangazi yako.


Tarehe 30 Julai

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imekuja na gari la mahitaji, ndani ya gunia la unga, kwa hiyo ilikuwa nyeupe zaidi ya ulivyoituma. Nafurahi mlifika. Mpe Mzee pole ya kichwa.

Huku ni ukavu mtupu. Nyati wote wamehamia upande wa mto. Chui amezaa nyuma ya karakana, sasa mafundi wanafanya kazi wakiimba ili asije akashtuka. Wanaimba vibaya, nadhani hivi karibuni atahama mwenyewe. Yule mama mfagiaji wa kambi, mliyekuwa mnakunywa naye chai asubuhi mlangoni pa gari, anakusalimu sana. Gauni ulilompunguzia analivaa kila siku ya mapumziko.

Mstaafu yupo. Siku hizi anakuja kambini hata mchana. Likiingia gari kubwa jeupe analifuata, anazunguka madirishani.

Shangazi, jambo dogo. Hiyo hadithi ya machungwa usiisambaze sana. Si kwamba kuna ubaya. Basi tu.

Mwanao.


Tarehe 12 Agosti

Mwanangu,

Salamu nyingi. Jibu lako sijaliona. Mzee anasema tangu yeye aondoke posta barua zinatembea kwa magoti. Ameng'olewa jino, anazungumza kwa upande mmoja, kwa hiyo nyumba ina amani.

Sasa sikiliza habari njema! Unamkumbuka fundi saa, yule tunayepakana naye ukuta, aliyekuwa akikupa saa mbovu uchezee? Yeye na mkewe hawajawahi kutoka hapa tangu waoane. Nimewahadithia safari yetu, wameona picha, wamekwenda kukodi gari lilelile. Wiki ijayo watakuwa kwako. Mke wake hofu tele, nikamwambia, "Usiogope, mwanangu ndiye mkubwa pale, na tembo mwenyewe ni mpole kuliko mumeo." Nimewafungashia mfuko mzima wa machungwa, nimechagua yale makubwa. Nimewaambia watamtambua kwa suruali.

Wapokee kama ulivyotupokea sisi. Usiniaibishe.

Shangazi yako.


Tarehe 21 Septemba

Shangazi, shikamoo.

Natumaini jino la Mzee limepona. Mimi sijambo.

Barua yako ya Agosti imenifikia baada ya wageni wako kuja na kuondoka. Nilikuwa doria upande wa mto, sikuwapokea mimi. Walirudi salama.

Mfagiaji amelazwa hospitali ya mjini. Aliumia nyonga. Madaktari wanamshughulikia.

Uliuliza habari za Mstaafu. Hayupo. Tembo huhama, Shangazi. Mvua bado.

Mwanao.


Tarehe 6 Oktoba

Mwanangu,

Hatujambo, na salamu zikiwa fupi utanisamehe.

Sikuuliza habari za Mstaafu. Tazama barua yangu tena. Katika ile ya kwanza kabisa nilimtumia salamu tu, na ukanijibu kuwa yupo. Mtu hajibu swali asiloulizwa ila kama linamtafuna.

Halafu kuna huyu jirani. Tangu warudi, fundi saa akiniona anavuka barabara. Nilidhani macho, maana kazi yake ni ya macho. Juzi mkewe alikuja kuchukua sketi, akainua uso, akaiona ile picha yangu na tembo. Mwanangu, yule mama alilia. Alilia kama mtu aliyefiwa, akaiacha sketi mezani akatoka. Nikamfuata hadi mlangoni kwake. "Jirani, kwani nimewakosea nini?" Akasema, "Muulize mwanao."

Basi nakuuliza. Nimekulea. Ulipovunja kioo cha dirisha la mwalimu wako ulikuja nyumbani ukafagia uwanja wote bila kutumwa, na nikajua. Sasa naiona barua yako yenye mvua na nyonga na jino la Mzee, naona mtu anayefagia uwanja.

Wageni wangu walifanya nini huko?

Shangazi yako.


Tarehe 1 Novemba

Shangazi, shikamoo.

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Leo nitaandika bila kuisoma tena, niifunge.

Wageni wako hawakufanya kosa lolote ambalo mimi sikulifanya kwanza.

Walifika jioni, wakaegesha palepale mlipoegesha ninyi. Mstaafu akatokea hata kabla hawajazima gari. Mke wa fundi saa akampa chungwa dirishani, la pili, la tatu. Tembo akasogea mpaka paji la uso likagusa gari. Wakaogopa, ni haki yao. Wakafunga dirisha, mfuko ukiwa ndani. Shangazi, tembo ananusa kitu kilicho mbali kuliko mimi na wewe tunavyoona. Alijua yapo. Akaanza kulisukuma gari, likayumba, halafu likalala ubavu na wale wawili wamo ndani wanapiga kelele.

Mfagiaji kwa kawaida huondoka kabla ya jioni. Siku hiyo alichelewa, alikuwa anaosha mapipa. Aliposikia kelele alikuja mbio na ndoo na fimbo ya ufagio, anapiga ndoo, anamfokea tembo kama anayefukuza mbuzi kwenye bustani. Alitaka tu amvute aondoke pale kwa wale watu. Akafaulu. Tembo akageuka, akampiga kikumbo kimoja kwa mkonga, hata sidhani kama alikuwa na hasira. Mama wa watu akaangukia ukingo wa saruji wa bomba. Nyonga ikavunjika.

Nilifika asubuhi kutoka doria. Mkuu wetu alikuwa amewakalisha fundi saa na mkewe ofisini. Aliwauliza, "Nani aliwaambia mje na matunda? Nani alimzoeza huyu mnyama?" Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha mkuu. Fundi saa aliniangalia. Ananijua tangu nikiwa mtoto, Shangazi. Alijua kila kitu, ulikuwa umemhadithia. Akanitazama, akamtazama mkuu, akasema, "Hakuna mtu. Ni ujinga wetu wenyewe." Mkewe akainamisha kichwa. Wakaandikwa kuwa ndio waliomharibu tembo, wakafukuzwa hifadhini kama wezi. Nami niliwafungulia mlango wa kutokea.

Mnyama akishajua kuwa chakula kimo ndani ya magari hasahau. Tulimfukuza kwa baruti, akarudi. Tulimpeleka mbali, akarudi. Amri ikatoka ya kumuua. Mkuu akauliza nani anamjua vizuri. Nikanyoosha mkono. Nilidhani kwamba nikifanya mimi, itakuwa kama nimelipa kitu. Si kweli. Usije ukaniambia kuwa nililipa.

Nilimkuta kwenye mto mkavu. Tembo wengine wakisikia gari letu huondoka. Yeye alipolisikia aliinua masikio, akaja. Alikuja kwa mwendo ule ule wa pole, mpaka karibu kabisa, akanyoosha mkonga kwangu na ncha yake imefunguka.

Siwezi kuandika zaidi hapo.

Uliniuliza kama inaruhusiwa, nami nilijua hairuhusiwi. Hilo tunafundishwa kabla hata ya kufundishwa kushika bunduki. Lakini wale wageni walikuwa wanatazama, nawe ulikuwa umeshawaambia kuwa mimi ndiye mkubwa wa pale. Nilitaka niwe mkubwa.

Mwanao.


Tarehe 3 Desemba

Mwanangu,

Tazama muhuri kwenye bahasha. Niko hapa mjini karibu na kwako, hospitalini. Nimefika kitambo, sikukuambia.

Barua yako niliisoma dukani nimesimama. Kulikuwa na mama mmoja ananisubiri nimpime mtoto, akaniuliza, "Huyo tembo pichani ndiye yule unayemhadithia?" Nikaishusha picha mbele yake. Msumari umebaki. Mzee alitaka kuung'oa, nikamwambia auache.

Nilikuwa na hasira na wewe, na bado ninayo, heri nikuambie. Ungesema "Hapana, Shangazi." Maneno mawili! Ningenuna mpaka wakati wa kulala, asubuhi ningekuwa nimesahau. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na wewe ulinichelea mimi kama mtoto. Lakini nilikaa kwenye basi nikilifikiria lile swali langu. Nilikuuliza mbele ya watu huku chungwa limeshatoka dirishani. Hilo si swali. Nilijua huwezi kunikatalia, nikafurahia kwamba huwezi.

Kabla ya kuja nilikwenda kwa fundi saa. Alikuwa na saa ya mtu mkononi na kile kioo chake jichoni. Nikaomba radhi, nikalia. Akasema, "Jirani, yamekwisha." Hayajaisha. Hakukitoa kioo jichoni hata mara moja.

Sasa huyu mfagiaji. Hana mtu karibu, watoto wake wako mbali na kazi zao. Nilisema nitakuja nimuuguze, ndiyo haki. Nikaingia wodini, akanitambua, akanishika mikono yote miwili. "Mgeni wangu wa chai! Umesafiri kote huko kwa ajili yangu?" Mwanangu, maneno yote niliyoyapanga kwenye basi yakanikauka. Namwosha, namlisha uji, namgeuza, na kila nikimgeuza ananiombea dua. Ananiita malaika. Amewaambia wagonjwa wote. Wauguzi wananisalimia kwa heshima mpaka natamani sakafu ipasuke.

Jana nikiwa namchana nywele akasema, "Wale wawili siwalaumu, walikuwa na hofu. Lakini nasikia mnyama alizoezwa kabla yao. Huyo aliyemzoeza, Mungu na amwone." Nikaendelea kuchana. Nilisema, "Amina."

Nilisema amina, mwanangu.

Shangazi yako.


Tarehe 8 Desemba

Shangazi, shikamoo.

Nilipojua uko karibu hivi nilitaka kupanda gari lolote nije. Lakini ilinibidi kwanza nipite kwa mkuu.

Nilimweleza yote, nimesimama. Aliniuliza, "Na siku ile nyuma ya kiti changu ulikuwa na ugonjwa gani, ulipoteza sauti?" Ameahidi kumwandikia fundi saa, na mimi nimeandika yangu kando. Nimeondolewa doria. Bunduki nimerudisha ghalani. Sasa niko kwenye kizuizi cha getini, nainua na kushusha, na kila gari nalikagua chakula na kuwasomea watu masharti. Wenzangu wameanza kuniita Chungwa. Sijawakataza.

Leo alikuja baba mmoja, mtu mzima, amevaa suti hata huku porini. Kabla sijamaliza masharti akasema, "Kijana, unanijua mimi ni nani?" Nikamwambia, "Hapana, mzee, na matunda hayapiti." Neno lenyewe halikuwa zito kiasi hicho.

Shangazi, usibebe hilo la hospitali peke yako. Jumapili nina ruhusa. Nisubiri, nije tumwambie pamoja. Mimi ndiye wa kuanza.

Mwanao.


Tarehe 16 Desemba

Mwanangu,

Najua Jumapili ulikuja na muuguzi akakuzuia mlangoni. Ni mimi niliyemwomba. Usikasirike. Ungesema wewe kwanza, ningejificha nyuma yako, na mimi nimeshachoka kujificha nyuma ya sare yako.

Nilimwambia Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji, nikaliweka chini kwanza, maana sikutaka kusema huku namlisha. Nikasema, "Dada, yale machungwa yalianzia kwangu."

Akasema, "Ulishaniambia kuwa uliwapa wale jirani zako. Ulikuwa wema tu."

"Kabla yao. Jioni, wewe ukiwa umeshaondoka. Mimi ndiye niliyemzoeza yule tembo. Mwanangu aliona, akaninyamazia."

Akanitazama. Wagonjwa wa vitanda vya pembeni walisikia yote, maana kati ya vitanda hakuna hata pazia. Mtu aliyevunjika nyonga hawezi kukupa mgongo, kwa hiyo aligeuza uso tu, akautazama ukuta. Nilisimama pale. Nilitaka anitukane, amwite muuguzi anitoe, anitemee. Hakufanya. Uji ukapoa mpaka ukafanya ngozi juu.

Baadaye akasema, bado anatazama ukuta, "Maji."

Nikampa. Akanywa yote, akanirudishia kikombe. Hakusema asante.

Tangu siku hiyo haniombei dua tena, na malaika ameondoka. Jina langu ni "wewe." "Wewe, fungua dirisha." "Wewe, mto uko vibaya." Mgonjwa wa kitanda cha tatu aliniuliza kwa sauti ya chini kwa nini navumilia kusemwa hivyo na mtu ninayemsaidia. Nikamwambia asiniulize.

Daktari anasema ni miezi kabla hajasimama, na akisimama atatembea na fimbo. Nimemwandikia Mzee apeleke cherehani mbili kwa yule mwanafunzi wangu wa ushonaji, kazi iendelee. Kulala, nimepata kitanda kwa mama anayepangisha vyumba ng'ambo ya barabara. Akipona kiasi cha kurudi kwake nitakwenda naye, kama atakubali. Sijamwuliza. Na safari hii nikiuliza, nitauliza tukiwa wawili tu, ili aweze kukataa.

Leo nilichelewa kwa sababu ya foleni ya maji ya moto. Nilipoingia alikuwa anaangalia mlango.

"Wewe," akasema, "nilidhani umekimbia."

"Sijakimbia."

Akageuza uso ukutani. Nikaweka beseni chini, nikakunja mikono ya gauni, nikasubiri.

"Haya," akasema. "Nigeuze."

Nikamgeuza.

Shangazi yako.